Mpaka Uliopita Kati ya Nyumba na Jiko

Duka la Vitabu Vilivyosomwa,
Eldoret.
3 Februari 2025

Kwa Naibu Chifu Jepkemboi,
Kata Ndogo ya Kapsirwo Chini.

Jepkemboi,

Nilikufundisha historia kuanzia darasa la sita hadi la nane, kwa hiyo sitakuita Mheshimiwa. Ukitaka jina hilo, niandikie utaje sababu zako, nami nitazipima.

Jana nilipita ofisi ya chifu nikaikuta ramani mpya imebandikwa mlangoni. Nimeitazama kwa miwani, nikaitazama bila miwani. Kata ya Kapsirwo sasa ni vipande viwili, Juu na Chini. Sawa, wananchi walikubali wenyewe. Tulikubaliana mpaka ufuate kijito, kutoka daraja la mbao hadi josho la ng'ombe, kwa sababu kijito hakina kabila wala chama. Agosti iliyopita tuliutembea mpaka huo watu saba, wewe ukiwa mwandishi wa kamati. Simu iliyorekodi njia niliibeba mimi. Nilisema mbele yenu wote kwamba serikali siiamini na kalamu, sembuse na simu.

Sasa nieleze hili. Kwa nini kwenye ramani mstari unakiacha kijito, unapanda kilima, unaingia lango la mama mkwe wangu, Mama Kavetsa, unapita katikati ya nyumba yake na jiko lake, unatokea ua wa nyuma, halafu unateremka tena kijitoni kama ng'ombe aliyekumbuka kiu? Na pale kando ya jiko mstari umejikunja ukafanya kifundo, kama kifungo cha shati. Hicho nacho ni nini?

Matokeo yake Mama analala Juu na kupika Chini. Kuku wake wanavuka mpaka mara kumi kwa siku bila kibali. Ningecheka kama si Christabel. Unajua kwamba huyo mtoto aliachwa na dada ya mke wangu, na kwamba bibi yake amemlea kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Amepata nafasi chuo cha uuguzi. Tarehe 10 Machi anatakiwa kufika na kitambulisho, au angalau karatasi ya kusubiria kitambulisho. Asipofika nayo, nafasi inapewa mwingine. Fomu yake haiendi popote bila muhuri wa naibu chifu. Alikwenda kwa Joash, naibu chifu wa Juu. Joash akamwambia, "Moshi wa kwenu unatoka Chini." Akaja kwako, nawe ukamwambia kitanda chake kiko Juu.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Mkoloni aliigawa nchi kuwa mikoa, mkoa akaugawa kuwa wilaya, wilaya kuwa tarafa, tarafa kuwa kata, kata kuwa kata ndogo, ili kila maskini awe na mtu wa kumvulia kofia karibu na nyumbani. Tukapata katiba mpya, tukafuta mkoa, tukachora kaunti. Wale mabwana wakabadilisha kibao cha mlangoni, kiti wakabaki nacho. Huu mji wenyewe ninamoandikia ulianza kama nambari ya shamba kwenye ramani ya mzungu, Sitini na Nne, na wazee bado wanauita hivyo. Najua mstari wa wino unaweza kumfanya nini mtu. Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, nilisikia watu wakiulizwa kwao ni wapi, na walioulizwa hawakuwa wamepotea njia.

Mama Kavetsa alitoka Maragoli mwaka 1974 kuja kuvuna mahindi, na hajaondoka. Mstari uliowakwepa majirani wote ukamkuta mjane Mmaragoli ni mstari uliotumwa. Nataka kujua nani aliutuma. Usiponijibu, nitauliza gazetini.

Mwalimu wako wa zamani,
Eliakim Obonyo

* * *

Kapsirwo Chini
7 Februari 2025

Mwalimu,

Nakusalimu wewe na mkeo Musimbi. Jina la Mheshimiwa liache tu, hata mume wangu amekataa kulitumia.

Barua yako imeletwa na dereva wa gari la maziwa, na nimeisoma mara tatu. Jumanne nilikwenda kwa Mama Kavetsa na fomu za Christabel mkobani. Nilisimama pale kati ya nyumba na jiko, mguu mmoja kwangu, mwingine kwa Joash. Mama akaniuliza, "Sasa wewe unanisalimia ukiwa wapi?"

Sikumfukuza yule msichana. Nilimwambia ukweli. Mwaka jana naibu chifu wa kata nyingine alimgongea jirani muhuri, kumbe jirani yuko hatua ishirini nje ya mstari. Akasimamishwa kazi miezi mitatu, na fomu ikatupwa. Wanaopokea fomu siku hizi wanaiweka kando ya ramani kwanza. Nikigonga muhuri wangu leo, nitakuwa nimempa Christabel karatasi ya kukataliwa nayo. Joash naye ni hivyo hivyo. Na kabla hujamwandika vibaya, ujue kwamba mvua ilipobomoa choo cha Mama mwaka jana, Joash ndiye aliyekuja na jembe akamchimbia kingine. Choo hicho, kwa taarifa yako, kiko Chini.

Nimemwandikia Naibu Kamishna. Amenijibu kwamba ofisi ya ramani ilichora rekodi iliyopelekwa na kamati, kama ilivyopelekwa. Rekodi ikiwa na kosa, aliyeitunza ndiye wa kusema, kwa maandishi na sahihi yake. Ofisi haiwezi kumsemea.

Kwa hiyo nakuuliza, kwa heshima. Siku ile tulipumzika kwa Mama saa nne asubuhi, kwa sababu hakuna mtu anayepita kwa Mama Kavetsa bila kuonja kitu. Simu ilikuwa mkononi mwako wakati wote?

Mwanafunzi wako,
Jepkemboi

* * *

Eldoret
10 Februari 2025

Jepkemboi,

Wakati wote. Kutoka daraja hadi josho.

Nakuona unavyonizunguka. Ndivyo serikali inavyofanya kazi tangu enzi za gavana wa kikoloni. Kwanza inakukata, halafu inakuuliza kama kisu hakikuwa chako. Mimi nilipumzika, ndiyo, lakini sikuingia. Unajua mwenyewe. Kwetu Nyanza na kwao Maragoli tunabishana kuhusu kila kitu, kuanzia samaki hadi mazishi, lakini hili tumekubaliana, mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Nyinyi sita mliingia, mkaketi, mkala viazi vyake. Mimi niliwekewa kigoda nje ya ua nikaletewa chai yangu huko, nikasoma gazeti la jana yake. Mlipomaliza mlitokea nyuma. Mimi nikauzunguka ua wote kwa nje, kwenye majani yenye umande, nikawakuta chini. Kama mstari ungefuata miguu yangu, ungezunguka boma. Huu umepita ndani. Kwa hiyo umechorwa na mtu mwingine, na sasa nadhani namjua.

Kile kifundo kando ya jiko nimekifikiria usiku na mchana. Hakuna mchoraji anayeweka fundo bure. Hapo pametengwa. Mtaona, mwaka huu haujaisha patakuwa na ukumbi wa baraza au nyumba ya naibu chifu, na mjane ataambiwa kwamba jiko lake liko kwenye ardhi ya umma. Nani anafaidika? Joash anatafuta ofisi tangu ateuliwe, anaketi chini ya mti wa mtu. Nimeandika makala, kurasa sita. Kichwa chake ni "Ramani Isiyoshiba." Nimemtaja Joash kwa jina lake na jina la baba yake. Nimesema pia yeye ni mtoto wa nani, wa kabila gani, na Mama ni wa kabila gani, kwa sababu nimechoka na waandishi wanaozunguka hilo neno kama nyoka barabarani.

Musimbi ameisoma. Ameniambia niondoe maneno matatu. Nimeondoa moja. Bahasha nimempa yeye mwenyewe aitume.

Binti yangu, sina ugomvi na wewe. Lakini tarehe 10 Machi ni mwezi mmoja kutoka leo, na huyo msichana amekwisha kushona sare.

Eliakim Obonyo

* * *

Kapsirwo Chini
13 Februari 2025

Mwalimu,

Nitakuandikia machache, gari la maziwa linanguruma nje.

Mwaka 2008 nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia darasa lako. Shule zilipofunguliwa kulikuwa na viti tisa vitupu. Wewe mwenyewe ulikuwa umetoka kambi ya waliofukuzwa makwao, koti lako bado linanuka moshi. Hukutuuliza wale tisa walikuwa kabila gani. Uliita majina yao kila asubuhi, muhula mzima, kana kwamba wamechelewa tu. Sisi tuliobaki tulijifunza historia hapo, kabla hujafungua kitabu.

Kama makala haijatoka, nakuomba isitoke. Joash ana watoto wanaosoma na watoto wa majirani wa Mama.

Halafu mwandikie Mama Kavetsa. Muulize siku ile ilikwendaje, kuanzia mlipofika langoni. Usiniulize mimi. Muulize yeye.

Jepkemboi

* * *

Kapsirwo
16 Februari 2025

Kwa mkwe wangu Eliakim,

Hii barua ni mimi nasema na Christabel anaandika. Nimemwambia aandike vile nasema, asirembe.

Mimi niko mzima, magoti tu ndiyo yanalia na baridi. Ng'ombe amezaa, ndama wa kike. Mwambie Musimbi.

Umeniuliza siku ya mpaka. Mbona mtu msomi kama wewe anasahau siku nzuri hivyo? Mlikuja watu saba kutoka kwa kijito, viatu vimejaa matope. Nikasema hawa hawapiti. Wengine wakaingia kwa jiko, wewe ukabaki nje na kigoda chako, vile inafaa. Nilifurahi. Nilimwambia Jepkemboi, unaona mkwe wangu, amesoma vitabu vyote vya Eldoret na bado anajua pa kuketi.

Sasa simu yako ilikuwa inalia kama kifaranga. Ukamwita Christabel hapo langoni, ukamwambia, "Hii kitu inakufa, ipelekee moto kidogo." Christabel akaingia nayo, akapita hapo kati ya nyumba na jiko, akaichomeka kwa ukuta wa jiko, pale karibu na rafu ya vikombe. Ikakaa hapo mpaka chai ikachemka mara mbili, maana yule mzee wa kamati alitaka kikombe cha pili na cha tatu. Mlipoondoka, Christabel akakimbia nayo kwa lango la nyuma akakupa huko chini. Wewe ulikuwa umezunguka na nje kama mtu mwenye adabu.

(Anko, ni kweli. Ilikuwa bado inahesabu hatua kwa kioo wakati naichomeka. Sikuizima kwa sababu ulituambia asiiguse mtu. Christabel.)

Sasa kama kuichaji ndiyo iliharibu, unisamehe. Mimi nilijua tu mgeni akija na kitu kina njaa unakipa chakula.

Hili jambo la Juu na Chini limenikosesha raha kwa sababu ya huyu mtoto. Nimefikiria hivi. Kama shida ni jiko kuwa upande ule mwingine, jiko si mlima. Nimeongea na fundi Nyongesa. Jumatano asubuhi atakuja afungue mabati, tulibomoe, tujenge lingine ubavuni mwa nyumba, upande wa Juu, kabla ya tarehe kumi. Najua ni Baba Musimbi alilijenga na mikono yake, hata ule mlango wa chini chini unaogonga watu kichwa. Lakini yeye amelala, na huyu mtoto ndiyo anaamka.

Usimkasirikie mtu, mkwe wangu. Ukikasirika unaandika.

Mama Kavetsa
(kwa mkono wa Christabel)

* * *

Eldoret
Jumanne, 18 Februari 2025

Jepkemboi,

Mzuie fundi. Ukiipata barua hii jioni, nenda usiku huo huo. Ukiipata asubuhi, kimbia. Simu ya Mama imezimwa, na ya Christabel haishiki mtandao huko bondeni. Nimemwomba dereva wa maziwa akupe mkononi kabla hajashusha mtungi hata mmoja.

Nimeambatanisha maelezo kwa Naibu Kamishna. Nilianza kwa kurasa nne, juu ya historia ya upimaji ardhi na namna vyombo vya mzungu vilivyotudanganya tangu siku ya kwanza. Musimbi akasoma zote, akaniuliza, "Kosa liko ukurasa gani?" Nikatoa tatu na nusu.

Halafu nikamuuliza kuhusu bahasha ya makala. Akainuka kitini dukani. Alikuwa ameikalia siku nane. Imekunjika kama chapati. Nimemwachia aendelee kuikalia, na wewe unajua hilo ni jambo kubwa kwangu.

Eliakim

*Maelezo*

*Kwa Naibu Kamishna wa Kaunti. Mimi, Eliakim Obonyo, nilikuwa mjumbe wa kamati ya mpaka wa kata ndogo za Kapsirwo Juu na Kapsirwo Chini. Kwa sharti langu mwenyewe, rekodi ya njia ilikuwa kwenye simu yangu. Sikukubali ibebwe na mwingine, kwa kuwa sikumwamini mwingine.*

*Tulipopumzika kwa Mama Kavetsa, niliitoa simu ikachajiwe jikoni, nikasahau kuisimamisha. Miguu yangu ilizunguka ua. Simu ilipita ndani. Kifundo kilicho kando ya jiko si kiwanja cha mtu. Ni dakika arobaini za chai.*

*Hakuna ofisa, jirani wala kabila lililousogeza mpaka huu. Niliusogeza mimi. Nilipoulizwa kwa upole nilijibu kwamba simu ilikuwa mkononi mwangu wakati wote. Jibu hilo halikuwa kweli, na nililitoa bila kujikagua, kwa kuwa nimezoea kukagua wengine.*

*Naomba mstari urudishwe kijitoni, na nyumba ya Mama Kavetsa ihudumiwe ikiwa nzima, kitanda na jiko pamoja. Mjukuu wake asilipie kosa langu. Niko tayari kuyarudia haya barazani, mbele ya watu.*

*E. Obonyo*

* * *

Kapsirwo Chini
6 Machi 2025

Mwalimu,

Sikukimbia. Nilimpigia Joash, yuko karibu zaidi, naye ndiye aliyekimbia. Alimkuta fundi Nyongesa juu ya paa, mabati matatu yako chini tayari. Wakabishana kidogo, kwa sababu Nyongesa alisema yeye anapokea amri kutoka kwa mwenye jiko, si kwa serikali. Mama akatoka akatoa amri. Joash akapanda mwenyewe kuyarudisha mabati. Aliposhuka aligonga kichwa kwenye ule mlango, na Mama akamwambia sasa amekaribishwa rasmi na marehemu.

Maelezo yako niliyapeleka kwa mkono. Naibu Kamishna aliyasoma, akayasoma tena. Alisema amefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na barua za kulaumu ofisi anazo kabati zima, lakini ya namna hii hajawahi kufungua. Akaandika siku hiyo hiyo kwamba boma la Mama lihudumiwe na kata ndogo ya Juu hadi ramani irekebishwe, kwa kuwa lote liko upande huo wa kijito. Nakala ikabandikwa mlangoni, juu ya ile ramani. Kwa hiyo nimempoteza Mama. Sasa ni wa Joash, yeye na viazi vyake.

Christabel aligongewa muhuri Jumatatu. Joash aligonga mara mbili, mara ya kwanza kwenye fomu, mara ya pili kwenye karatasi tupu ili Mama aone unavyofanya kazi. Mama ameibandika hiyo karatasi jikoni, kwenye rafu ya vikombe. Jana msichana amepewa karatasi ya kusubiria. Jumatatu anaripoti chuoni, siku ile ile.

Jumamosi tuliutembea mpaka tena. Nilisikitika ulipokataa kuja ukisema mtuhumiwa hakagui kesi yake. Simu ilibebwa na Joash, na mimi nikambeba Joash kwa macho. Hatukupanda kilima. Mama alijua tutampita, kwa hiyo akatuletea birika kijitoni.

Nina langu la kuungama. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Siku ile nilikuwa na kikombe mkononi nilipomwona Christabel akipita na simu yako. Sikuwaza lolote, mpaka nilipoiona ramani. Nilikuuliza swali moja tu, nikangoja, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukifanya nasi ubaoni. Mtu akikosea ulikuwa unashika chaki, unanyamaza, hadi alione kosa kwa macho yake. Hukuwahi kumwaibisha mtoto. Lakini kule ubaoni tulikuwa na muda. Hapa nilichezea wiki mbili za Christabel, na jiko la mzee wa watu lilibaki kidogo lianguke. Ningekuambia waziwazi. Hilo ni kosa langu, na ninaliandika kwa sahihi yangu, kama nilivyojifunza juzi.

Mama anakusalimu. Amesema kigoda chako bado kiko nje ya ua, pale pale, na hajaruhusu mtu akikalie. Ukija, amesema, simu ije ikiwa imekula huko kwenu.

Mwanafunzi wako,
Jepkemboi